Shahada Iliyobaki Bwawani

Siku aliyoambiwa aombe kazi aliyokuwa tayari anaifanya, Lyle Havlicek alirudi nyumbani na mkate, maziwa, na sura ya mtu aliyegongwa na baiskeli: hajaumia sana, ila haelewi imetokea wapi.

"Uombe kazi ipi?" mkewe Noreen aliuliza. Alikuwa mbele ya jiko anageuza pierogi, vile vifurushi vya unga vyenye viazi ndani, kwenye siagi, bado amevaa aproni ya kantini ya shule.

"Yangu."

"Yako si unayo?"

"Ninayo. Wanataka niiombe."

"Na wakikunyima?"

"Basi sina."

Noreen alipunguza moto. Kampuni ya bima ya malori ambayo Lyle aliiandikia programu miaka kumi na tisa ilikuwa imeuzwa kwa watu wa mji wa Charlotte. Asubuhi ile wafanyakazi wote walikuwa wameitwa ukumbini wakapewa donati. Ukiona tajiri anagawa donati saa tatu asubuhi, shika kiti. Walipomaliza kulamba sukari vidoleni wakaambiwa kila mtu ajaze maombi mtandaoni, hata bosi, ili wote "waanze upya kwa usawa."

"Usawa gani, wao wakiwa juu ya mti na sisi chini?" Noreen alisema. "Haya, leta hiyo kompyuta mezani ujaze kabla hatujala. Ukijaza umeshiba utaandika upuuzi."

Binti yao Brenna, miaka kumi na minane, alishuka ngazi akipima kisukari chake kwenye simu, na kidude cha insulini kimebanwa kiunoni kama kawaida. "Baba anaomba kazi? Mwambieni asiseme ile hadithi ya printa. Hakuna atakayemwajiri."

"Ile hadithi ni nzuri," Lyle alisema.

"Baba, ile hadithi ni dakika ishirini na printa haifi."

Lyle alijaza jina. Akajaza anwani. Akafika kwenye kisanduku kilichoandikwa *Shahada, na mwaka uliopewa*, hapo vidole vikaganda. Noreen alisoma juu ya bega lake.

"Si unaandika tu? Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka pete ikanikata."

"Noreen, kuna jambo dogo."

Mke anayeambiwa kuna jambo dogo huwa anatafuta kiti kwanza. Noreen alivuta kiti.

"Nilipita jukwaani tu," Lyle alisema. "Sikumaliza."

"Hukumaliza nini? Hesabu?"

"Hesabu nilipata A."

"Nini sasa?"

"Kuogelea."

Siagi ilichemka kwenye kikaango. Kisha Brenna akaangua kicheko.

"Chuo kilikuwa na sheria," Lyle alijitetea. "Hupewi shahada mpaka uogelee bwawa, kwenda na kurudi. Mimi maji yananitisha, mnajua. Nikaahirisha kila muhula. Mwisho wakasema sawa, vaa joho, pita na wenzako, utamalizia kiangazi. Tuliobakiza kitu kimoja tulikuwa wengi, wote tulipita. Lile jalada nililopewa lilikuwa tupu ndani."

"Na kiangazi hukurudi."

"Mzee Gorsky alinipa kazi wiki ile ile. Aliniuliza unajua kuandika programu, nikasema najua, akasema njoo Jumatatu. Hakuniuliza kama naelea."

Hapo Noreen naye akacheka. Alicheka mpaka akashika sinki. Mwanaume amezaliwa Erie, ziwa kubwa kama bahari liko mwisho wa barabara, na amekosa shahada ya kompyuta kwa sababu ya bwawa! Lyle akacheka pia, kwa nafuu, kama mtu aliyetolewa mwiba. Ndiyo maana hakuona pale mkewe alipoacha.

"Mimi niliacha uuguzi," Noreen alisema.

"Najua, mpenzi."

"Mihula miwili ilikuwa imebaki. Ulikuwa umevaa joho lako, umesimama pale kwenye nyasi, ukaniambia nyumba moja shahada moja inatosha. Wewe utafanya kazi, mimi nipumzike na mimba." Alitazama aproni yake. "Kumbe nyumba haikuwa na hata hiyo moja."

Brenna aliacha kucheka. Pierogi zilikuwa zimeungua upande mmoja, wakazila hivyo hivyo.

* * *

Mtu wa rasilimali watu aliitwa Meredith Tolliver. Alitokea kwenye skrini kutoka Charlotte, nyuma yake kuna mmea wa plastiki, akamwita "Lyle" tangu neno la kwanza kana kwamba wamechunga mbuzi pamoja.

"Lyle, kabla ya yote, tunathamini sana safari yako na sisi."

"Asante."

"Tuanze na swali langu ninalolipenda. Matarajio yako ya mshahara ni yapi?"

Usiku uliotangulia walikuwa wamelizungumza hili mezani. Noreen alisema taja kubwa, watakata. Lyle alisema ukitaja kubwa wanakuona mroho. Noreen alisema bora mroho kuliko mjinga. Kwa hiyo Lyle alikuwa amejipanga kusema laki moja kamili, na akafungua mdomo, na mdomo ukasema:

"Napata dola elfu tisini na moja kwa mwaka. Nikibaki hapo hapo nitafurahi."

"Vizuri sana! Iko ndani kabisa ya kiwango cha ngazi yako." Meredith alitabasamu, akaandika, tabasamu likapungua. "Naona hapa kwenye shahada umeweka 'inamaliziwa'. Inamaliziwa kivipi?"

Lyle alieleza. Alieleza kwa kifupi, lakini hakuna namna fupi ya kumwambia mgeni kwamba una miaka arobaini na moja na hujui kuogelea. Meredith alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilimuuma Lyle zaidi kuliko angecheka.

"Ninakuelewa," alisema. "Shida si mimi, Lyle, ni mfumo. Bila shahada mfumo haukuweki kwenye ngazi yoyote. Hauna mahali pa kukuweka."

"Nimeandika programu zenu zote za madai ya ajali. Malori yakigongana huko Nebraska, ni kazi yangu inayolipa."

"Na tunashukuru mno. Leta uthibitisho kabla ya mwisho wa Mei, mengine yote tutaongea."

Alipotoka chumba cha mikutano alimkuta Garrick Sloane amesimama kwenye mashine ya kahawa. Walikaa meza jirani miaka kumi na minne. Kila mara Garrick alipokwama, na alikwama mara nyingi, alizungusha kiti chake akasema "Lyle, ndugu yangu," na Lyle akajua chakula cha mchana siku hiyo analipiwa.

"Vipi?" Lyle aliuliza.

"Nimepita." Garrick alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. "Wamenipandisha. Laki moja na elfu nne."

"Hongera. Kwani wewe shahada yako ni ya nini?"

Garrick alitazama kikombe. "Usinicheke."

"Sicheki."

"Tromboni."

Lyle hakucheka. Alijaribu, kwa ajili ya Garrick, lakini hakuweza.

"Waliuliza kama ninayo," Garrick alisema. "Hawakuuliza ya nini. Niliogopa nikisema nitaharibu. Nina watoto watatu, Lyle."

"Najua. Si kosa lako."

"Leo chakula ni juu yangu."

"Leo sina njaa," Lyle alisema.

* * *

Chuoni, karani wa masjala alimpata kwenye kompyuta yake upesi kuliko alivyotarajia. Alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo na sweta yenye paka.

"Havlicek. Ndiyo huyu. Ooh, mwanangu. Masomo yote umepita, kimebaki kimoja tu."

"Najua. Nimesikia siku hizi sheria ya kuogelea mmeifuta."

"Tuliifuta zamani. Vijana wa sasa hawaogelei, wanamaliza tu."

Moyo wa Lyle ulipanda. "Kwa hiyo—"

"Kwa hiyo wao. Wewe uliingia na kitabu cha sheria cha mwaka wako. Unahukumiwa kwa kitabu ulichoingia nacho."

"Hata kama sheria haipo tena?"

"Kwako ipo." Alisema kwa upole, kama daktari. "Ukitaka kitabu kipya unaweza kuomba upya kama mwanafunzi mpya. Ila hapo utarudia na kemia."

"Sawa. Naomba nioneshe bwawa lilipo."

Karani alivua miwani. "Bwawa lilifukiwa."

Akampeleka mwenyewe akaone, labda kwa huruma, labda alichoka kukaa. Pale palipokuwa na bwawa palikuwa na sakafu mpya yenye zulia jeusi, taa za zambarau, na vijana wamekaa kwenye viti kama vya marubani, wanacheza michezo ya kompyuta kwa mkopo wa serikali. Kijana mmoja alimtazama Lyle, suti na tai, akavua vifaa vya masikioni. "Mzee, umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuogelea," Lyle alisema.

Kijana akatazama zulia. Akavirudisha vifaa masikioni.

Karani alimwambia kuna njia moja: aogelee bwawa lolote, mbele ya mwalimu aliyeidhinishwa na chuo. Mwalimu wa zamani, Ziemba, bado yuko hai, na siku hizi anashinda kwenye bwawa la umma akiwachezesha bibi vizee. Akileta saini ya Ziemba kabla ya Mei kwisha, shahada atapewa na darasa la mwaka huu.

Lyle alimshukuru. Neno "mwaka huu" lilipita masikioni mwake kama gari lingine lolote barabarani.

* * *

Noreen ndiye aliyemfundisha. Hakuna aliyemwomba. Siku ya pili tu baada ya Lyle kurudi kutoka chuoni alitoka kazini, akatupa begi kwenye gari, akasema, "Panda." Alikuwa bado hasemi naye sana. Kula alikuwa anampa, nguo alikuwa anamfulia, ila maneno alikuwa ameyaweka kwenye friji.

Bwawani kulikuwa na joto na harufu ya dawa, na upande wa maji mafupi akina mama wazee walikuwa wanaruka kwa muziki wa zamani wakiwa na kofia za maua. Lyle alishuka ngazi akishika chuma kwa mikono miwili. Maji yalipomfika kifuani akasimama.

"Endelea," Noreen alisema.

"Nasubiri nizoee."

"Miaka kumi na tisa haikutosha kuzoea?"

Kofia moja ya maua ikageuka. Aliitwa Bi Wanda, na katika bwawa lile hakuna lililompita. "Bibi, huyo mumeo anaogopa?"

"Anaogopa."

"Mpige."

"Nafikiria."

Noreen aliweka mkono wake chini ya mgongo wa Lyle, akamlaza kama mtoto anayebatizwa. Lyle alijikaza kama ubao, na ubao ungeelea, lakini yeye alizama. Alitoka akikohoa, ameshika shingo ya mkewe, pua inatoka maji. Kule kwenye muziki wakapiga makofi.

"Achia mwili," Noreen alisema. "Unataka kushika maji. Maji hayashikwi."

"Nikiachia nazama."

"Ukishika ndiyo unazama. Lyle, nitazame. Brenna dawa yake kwa mwezi bila bima unajua ni kiasi gani?"

"Najua."

"Bima ya kantini unaijua?"

"Hakuna bima ya kantini."

"Basi lala."

Akalala. Walirudi kesho yake, na kesho yake tena. Brenna alikuja mara moja, akakaa kwenye benchi na simu, akarekodi, akasema, "Baba, unaonekana kama begi la kulalia lililotupwa ziwani," kisha baadaye, alipoona mama yake hamtazami, akafuta ile video. Jirani yao wa barabara ile ile alikuja na watoto wake, akauliza kwa sauti, "Lyle! Umeamua kupunguza tumbo?" Lyle alisema ndiyo. Noreen, aliyekuwa ameshika kisigino chake, alisema, "Anatafuta shahada," na jirani akacheka sana akidhani ni mzaha. Lyle alijua alichofanya mkewe. Akaona mkewe ana haki, akaendelea kupiga miguu.

Siku moja, wakiwa wamekaa ukingoni, miguu majini, Noreen alianza mwenyewe.

"Mama yangu alipokuwa anakufa, yule muuguzi wa hospitali, unamkumbuka? Mfupi. Alikuwa anabadilisha mashuka huku mama amelala kitandani, bila kumwamsha. Nikamwangalia nikasema, hata mimi nilianza kujifunza hiyo. Akaniuliza kwa nini uliacha. Nikasema mume wangu alimaliza kwanza." Akatikisa mguu majini. "Nilisema kwa fahari, Lyle. Unaelewa? Nilisema kwa fahari."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe ukifika ule ukuta."

* * *

Mwalimu Ziemba alikuwa na filimbi shingoni na goti bovu, na alikuwa anamkumbuka.

"Havlicek! Wewe ndiye uliyekuwa unaniletea vyeti vya daktari. Mara sikio, mara ngozi. Mara ya mwisho ulisema una mzio wa klorini."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikasema huyu atarudi. Wote huwa wanarudi. Mwaka juzi alikuja jaji." Akaonyesha maji kwa filimbi. "Kwenda na kurudi. Kwa mtindo wowote, hata wa mbwa. Ukigusa ukuta wa kule ni sawa, ukishika kamba ya pembeni ni kesho."

Akina mama wa kofia za maua walizima muziki wao wenyewe, bila kuombwa, wakajipanga. Noreen alisimama upande wa pili, ukutani, amekunja mikono.

Lyle aliingia. Hakuna uzuri wowote wa kusimulia hapa. Alipiga maji kama anayegombana nayo. Alimeza mengi. Katikati, pale chini panapoisha na vigae vinakuwa bluu nzito, aliacha kwenda mbele akawa anaenda chini tu, na mkono wake ukainuka kwenda kwenye kamba, na Bi Wanda akapiga kelele, "Achia, we mwanaume! Achia!" Akaachia. Akageuka chali kama alivyofundishwa, akaelea akitazama taa za dari huku anahema, halafu akaanza kupiga miguu polepole, kinyumenyume, kichwa kikagonga ukuta.

Noreen aliinama. "Nusu," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Lyle hakuwa ameisikia tangu siku ya pierogi, "Rudi, mpenzi wangu. Rudi tu."

Akarudi. Ziemba aliweka saini akisema hajawahi kuona uogeleaji mbaya kiasi kile ukifika mwisho. Chuo kikathibitisha shahada kwa barua pepe, na watu wa Charlotte wakajulishwa siku hiyo hiyo. Jioni hiyo walikula samaki wa kukaanga wa ziwani, wote watatu, na Brenna akasimama na glasi ya maji akasema, "Kwa baba yangu, msomi." Noreen aliweka mkono wake juu ya mkono wa Lyle akauacha hapo mpaka chakula kikapoa.

* * *

Meredith alipiga simu Alhamisi mchana. Lyle alikuwa nyumbani, ameweka sauti wazi ili mkewe naye asikie habari njema.

"Lyle! Hongera kwa kuhitimu!"

"Asante. Asante sana."

"Nimefurahi kukuletea mwaliko rasmi wa kazi. Ngazi ya kwanza, mshahara wa kuanzia elfu hamsini na nane, bima ya afya kamili, na mafunzo ya wahitimu wapya yanaanza Jumatatu. Kutakuwa na chakula."

Lyle alimtazama Noreen. Noreen aliitazama simu.

"Nadhani kuna kosa," Lyle alisema. "Tulisema tisini na moja. Ulisema iko ndani ya kiwango."

"Kiwango cha ngazi ya nne, ndiyo. Ile ni ya wenye uzoefu wa miaka kumi na kuendelea."

"Mimi nina kumi na tisa."

"Kumi na tisa kabla ya shahada." Meredith alikuwa anaongea polepole, si kwa dharau, bali kama mtu anayesoma kilichoandikwa. "Uzoefu unahesabiwa kuanzia tarehe ya shahada. Yako ni ya Mei hii. Kwenye mfumo una... una sifuri, Lyle."

"Garrick Sloane amesomea tromboni!"

"Siwezi kuzungumzia mtu mwingine."

"Amesomea tromboni na mimi ndiye niliyemfundisha kazi!"

"Siwezi kuzungumzia mtu mwingine," Meredith alirudia, na safari hii sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa sababu naye alikuwa na mkubwa anayesikiliza simu zake.

Noreen alivuta simu karibu. "Mimi ni mkewe. Niambie kitu kimoja, dada. Akikataa?"

"Akikataa inahesabika ameacha mwenyewe. Kampuni imempa nafasi."

"Kwa hiyo hakuna kiinua mgongo."

"Hapana."

"Wala ile fedha ya serikali ya wasio na kazi."

"Ile ni ya walioachishwa. Yeye hatakuwa ameachishwa." Alishusha sauti. "Na angekuja bila shahada, ningemwachisha, na angepata vyote viwili. Pole. Sikutakiwa kusema hilo."

Akasema wana mpaka kesho kubofya "nakubali". Akasema tena hongera, kwa mazoea, akakata.

Walikaa. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka chini ya nyumba. Lyle alianza kucheka kidogo bila sauti, mabega tu.

"Ningezama tu," alisema. "Ningeshika ile kamba tukalipwa."

"Usiseme hivyo."

"Nyumba hatutaiweza kwa hiyo, Noreen. Unajua. Hata gari moja likiondoka."

"Najua hesabu. Mimi ndiye ninayelipa bili, wewe unasikia tu zimelipwa."

"Naweza kutafuta kwingine."

"Kwingine wapi? Wakiuliza shahada yako ni ya lini utasemaje?" Alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umekauka. "Na kwingine bima inaanza baada ya miezi mitatu. Brenna hana miezi mitatu ya kusubiri. Ana chupa mbili kwenye friji."

"Kwa hiyo unasema nikubali."

"Sisemi. Nataka uniambie wewe, kwa mdomo wako, halafu nisije nikasikia miaka ijayo kwamba ulifanya kwa ajili yangu. Nimechoka kubebeshwa vitu nisivyoviomba."

Lyle alivuta kompyuta. Mlangoni Brenna alikuwa amesimama na begi la shule, haijulikani tangu lini.

"Baba, mimi naweza kutumia kidogo kidogo," alisema. "Kuna watu wanapunguza. Nimesoma."

Lyle alibofya hata kabla hajamaliza sentensi.

"Hakuna anayepunguza chochote," Noreen alimwambia binti yake, kwa ukali uliomfanya mtoto arudi nyuma. Kisha akavaa koti akaenda kuzungumza na wakala wa kuuza nyumba mtaa wa pili. Hakumwambia Lyle anakwenda wapi. Lyle naye hakuuliza.

* * *

Jumatatu waliwekwa chumba cha juu, wahitimu kumi na wawili na yeye. Kila mmoja alipewa kikombe chenye nembo, fulana, na kadi ya kuandika jina. Lyle alipofika mapokezi, mlinzi aliyemsalimia kila asubuhi tangu enzi za Mzee Gorsky alimpa kadi ya mgeni, akatazama pembeni, akasema, "Nimeambiwa, Lyle. Ni mpaka wakutengenezee mpya."

Karibu naye alikaa msichana mwenye nywele za kijani kwenye ncha, aliyejitambulisha kama Tamsin. Alikuwa mchangamfu, na alikuwa wa kizazi ambacho hakioni aibu kutaja fedha.

"Wamekupa ngapi?" alimnong'oneza.

"Hamsini na nane."

"Ah! Mimi pia walianza na hiyo. Nikawaambia sitaki, nina mwaliko kwingine. Wakaweka sitini na tatu."

"Ulikuwa na mwaliko kwingine?"

"Hapana!" Akacheka. "Mzee, lazima uwaombe. Ukikubali ya kwanza wanakuona huna pa kwenda."

"Ndiyo," Lyle alisema. "Nadhani waliona."

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye sauti ya asubuhi. Aliwasimamisha kwenye duara, akasema kila mtu ataje jina, na mahali anapotaka kuwa ameshafika katika kazi yake siku za usoni. Msiogope kuota, alisema. Mmoja akasema anataka kuongoza idara. Mwingine akasema anataka kampuni yake mwenyewe. Tamsin akasema anataka kustaafu na miaka arobaini, wote wakashangilia.

Lyle alikuwa anapiga hesabu. Kazi yake ilikuwa hesabu, hakuweza kujizuia. Nyongeza ya kawaida ya kila mwaka, asilimia tatu, bila kuugua, bila kampuni kuuzwa tena: angefikia tena mshahara wake wa wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na saba.

"Na wewe, bwana?" mkufunzi aliuliza. "Unataka kufika wapi?"

"Naitwa Lyle," alisema. "Nataka kufika Ijumaa iliyopita."

Chumba kizima kikacheka. Mkufunzi akapiga makofi, akasema huyu ndiye mtu tunayemhitaji kwenye timu, na kila mtu akamtazama Lyle kwa wema, wakisubiri naye acheke. Bima ilikuwa inaanza saa sita mchana, baada ya kusaini karatasi ya mahudhurio. Akacheka.